Jacobo Árbenz na Ardhi ya Guatemala

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Guatemala vilidumu miaka 36, tangu 1960 hata 1996, na watu wapatao 200,000 waliuawa au kupotea wasionekane tena. Wengi wanaosimulia habari zake huanzia kwa maofisa wachache wa jeshi walioasi mwezi wa Novemba 1960, kana kwamba vita vilizaliwa siku ile kambini. Sisi twaona yafaa kuanza mbali zaidi, kwa mtu mmoja ambaye mwaka ule alikuwa amekwisha kaa nje ya nchi yake miaka sita, akihama toka mji wa kigeni hata mji wa kigeni. Huyo ndiye Kanali Jacobo Árbenz Guzmán, Rais wa Guatemala tangu 1951 hata 1954. Wako waliomwita mkombozi wa maskini, wako pia waliomwita mtumishi wa Moscow. Majina yote mawili yamekwisha chakaa. Tulitazame jambo alilolitenda, na jinsi lilivyotanguliwa, ndipo tutakapoona damu ile ilianzia wapi.

Guatemala ni nchi ya Amerika ya Kati, kusini ya Meksiko, nayo inapakana na bahari mbili. Katikati yake mna milima mirefu ya volkano ambako kahawa hustawi sana, na katika nchi tambarare karibu na pwani hupandwa ndizi. Sehemu kubwa ya wakaaji wake ni Wamaya, wenyeji wa asili, wenye lugha zao zaidi ya 20. Wengine huitwa ladino, yaani watu wa damu iliyochanganyika au wenye kufuata desturi za Kihispania. Hispania iliitawala nchi ile miaka 300 hata 1821. Lakini msomaji asidhani ya kuwa Wamaya walinyang'anywa ardhi yao yote siku za Wahispania. Vijiji vingi viliendelea kuwa na ardhi zao za shirika hata ilipokuja kahawa. Baada ya 1871 serikali ya Justo Rufino Barrios iliwagawia wakulima wakubwa, wengine wao Wajerumani, ardhi nyingi za vijiji, kisha ikawalazimisha wanakijiji kwenda kuvuna kahawa katika mashamba yaliyopandwa juu ya ardhi iliyokuwa yao.

Mtawala Jorge Ubico, aliyeshika nchi tangu 1931 hata 1944, alifuta madeni ambayo kwayo vibarua walikuwa wamefungwa kwa mabwana zao, akasifiwa kwa hilo. Mahali pake aliweka mwaka 1934 sheria ya wazururaji. Mtu asiye na ardhi, au mwenye kishamba kidogo mno, alitakiwa kufanya kazi siku 100 au 150 kila mwaka kwa wenye mashamba, na kuchukua kijitabu kilichoandikwa siku alizozifanya. Wazee wetu waliopata kuchukua kipande hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Aliyekutwa na kijitabu kisichotimia alitiwa gerezani, akatengeneze barabara bila ujira. Sheria nyingine iliwakinga wenye mashamba wasishtakiwe kwa yale waliyoyatenda katika kulinda mali zao, na kila mtu alijua maana yake.

Katika nchi hiyo ndimo alimozaliwa Jacobo Árbenz, tarehe 14 Septemba 1913, katika mji wa Quetzaltenango huko milimani. Baba yake alikuwa Mswisi mwuza dawa, aliyehamia Guatemala mwanzoni mwa karne, na mama yake alikuwa mwalimu wa shule, mzaliwa wa nchi. Nyumba yao ilikuwa ya watu wenye nafasi, hata baba aliposhikwa na tamaa ya mofini, dawa ile ya maumivu aliyokuwa akiiuza yeye mwenyewe. Biashara ilifilisika. Rafiki mmoja tajiri aliwapa mahali pa kukaa katika shamba lake, na baadaye baba alijiua. Kijana Jacobo alitamani kusomea uhandisi au elimu ya uchumi, lakini fedha hazikuwapo. Mlango pekee uliokuwa wazi kwa kijana mwerevu asiye na kitu ulikuwa chuo cha kijeshi, nao walimpa nafasi ya kusoma bure. Aliingia 1932, akatoka 1935 na sifa ambazo wanafunzi wachache sana wa chuo kile walipata kuzifikia.

Ofisa huyo kijana alipewa kazi ambayo pengine ilimfundisha kuliko chuo. Aliwekwa kusimamia wafungwa waliofanya kazi wakiwa wamefungwa minyororo. Hakuwahi kusahau. Alikuwa mtu mkimya, mwenye nywele za rangi ya dhahabu na uso wa Kizungu, aliyependa vitabu kuliko baraza, na waliomjua walipata tabu kujua awazalo. Mwaka 1939 alimwoa María Cristina Vilanova, binti wa mwenye mashamba tajiri wa El Salvador, pasipo ridhaa ya wazazi wa binti. Mke huyo naye alikuwa amechoshwa na maisha ya tabaka lake. Wawili hao walisoma pamoja vitabu vya mambo ya jamii, na baadaye vya Marx, na adui zao walipenda kusema ya kuwa mke ndiye aliyempotosha mume. Sisi hatudhani hivyo. Ofisa aliyesimama akiwachunga watu wenye minyororo hakuhitaji mke wa kumwonyesha ya kwamba nchi ina ugonjwa.

Mwezi wa Julai 1944 Ubico alijiuzulu kwa sababu ya maandamano ya walimu, wanafunzi na watu wa mjini, akamwachia jenerali mwingine aliyetaka kutawala vile vile. Árbenz aliacha jeshi, akavuka kwenda El Salvador, akapanga mapinduzi pamoja na wenzake. Tarehe 20 Oktoba 1944 yeye, Meja Francisco Arana na raia mmoja, Jorge Toriello, waliushika mji mkuu. Jambo la kustaajabisha ni kwamba watatu hao waliitisha uchaguzi mara moja, wakampisha aliyeshinda. Aliyeshinda alikuwa Juan José Arévalo, mwalimu wa falsafa aliyekuwa akifundisha Argentina. Akashika kiti mwezi wa Machi 1945, na Árbenz akawa Waziri wa Ulinzi. Siku za Arévalo kazi ya kulazimishwa ilifutwa, bima ya wafanyakazi ikawekwa, na mwaka 1947 ikatoka sheria ya kazi. Ardhi hakuigusa.

Kabla ya kumfikisha Árbenz katika urais hatuna budi kutaja kivuli kilichomfuata. Arana, aliyekuwa mkuu wa jeshi, alitaka kiti hicho hicho, na mwezi wa Julai 1949 alimtolea Rais masharti kwa nguvu. Serikali iliazimu kumkamata. Tarehe 18 Julai, kwenye daraja karibu na ziwa Amatitlán, risasi zilifyatuliwa, Arana akafa. Serikali ilitoa maelezo yasiyo ya kweli, na hakuna aliyeshtakiwa. Árbenz alikuwa mmoja wa waliojua mpango wa kumkamata. Haki isiyotolewa hadharani huacha kidonda, na maofisa wengi waliompenda Arana walikiweka kidonda kile moyoni kwa miaka mitano, hata siku walipoombwa kumtetea Árbenz.

Uchaguzi wa Novemba 1950 aliushinda kwa kura nyingi sana, akimwacha mbali Jenerali Miguel Ydígoras Fuentes. Tarehe 15 Machi 1951 aliapishwa, umri wake miaka 37. Nia aliyoitangaza haikuwa ya Kikomunisti. Alitaka Guatemala iwe nchi yenye uchumi wa kujitegemea, ya ubepari wa kisasa, na watu wake wapate kula na kuvaa. Alianza kujenga barabara ya kwenda Atlantiki ili kushindana na reli, na bandari mpya ili kushindana na ile ya zamani, kwa sababu reli na bandari zote mbili zilikuwa mikononi mwa kampuni moja ya ndizi ya Marekani, United Fruit. Lakini kazi aliyoikusudia hasa ilikuwa ardhi. Hesabu ya mashamba ya 1950 ilionyesha ya kuwa wenye ardhi wapatao 2 katika kila 100 walishika kadiri ya asilimia 70 ya ardhi yote ifaayo kulimwa, na sehemu kubwa ya ardhi yao ilikaa bure.

Sheria nambari 900 ilitiwa sahihi tarehe 17 Juni 1952, na inafaa tuieleze polepole, kwa maana vita vyote vilivyofuata vimefungwa ndani yake. Haikugusa shamba linalolimwa. Shamba lisilozidi ekari 224 halikuguswa kabisa. Shamba la kati, hata ekari 672, halikuguswa ikiwa theluthi mbili zake zililimwa. Kilichochukuliwa ni ardhi iliyolala bure katika mashamba makubwa zaidi, pamoja na mashamba ya serikali, ambayo mengi yalikuwa yamechukuliwa kwa Wajerumani wakati wa vita vikuu. Wenye ardhi walilipwa kwa hati za deni la serikali, zenye riba ya asilimia 3, za kukomeshwa katika miaka 25. Aliyepewa ardhi alilipa sehemu ndogo ya mavuno yake kila mwaka, na benki ya wakulima ilianzishwa imkopeshe mbegu na jembe. Katika kila mahali palikuwa na kamati ya watu watano, watatu kati yao wakichaguliwa na wakulima wenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu Wahispania kufika, mkulima wa Kimaya alikaa mezani akaulizwa ardhi ipi inalimwa na ipi hailimwi.

Katika miaka miwili ekari zipatazo milioni 1.4 zilichukuliwa, na jamaa karibu 100,000 walipata ardhi. Tukihesabu wake na watoto, hao walikuwa kama watu 500,000 katika nchi yenye watu milioni 3. Rais mwenyewe alitoa ekari 1,700 katika ardhi zake. Hatusemi mambo yalikwenda bila dosari. Mahali pengine wakulima waliingia mashambani kabla ya amri kutoka, na vijiji viligombana kwa vijiji. Mwezi wa Februari 1953 Mahakama Kuu ilipoamuru kazi isimame kwa muda, Bunge liliwafukuza majaji wanne. Hilo lilikuwa kosa kubwa, nalo liliwapa adui zake neno la kusema ambalo hawakulazimika kulitunga.

Sasa tuje kwa kampuni. United Fruit ilikuwa na ekari 550,000 hivi, na katika kila ekari 100 zipatazo 85 hazikulimwa. Kampuni ilisema ni akiba, kwa sababu ya ugonjwa wa migomba. Serikali ilichukua kwanza karibu ekari 210,000 huko Tiquisate upande wa Pasifiki, ikatoa fidia ya dola 627,572, yaani dola 3 hivi kwa ekari. Hesabu hiyo haikuwa ya serikali. Sheria ilisema mwenye shamba alipwe kwa thamani aliyoiandika mwenyewe katika karatasi za kodi, na kampuni kwa miaka mingi ilikuwa imeandika thamani ndogo sana ili isilipe kodi. Mwezi wa Aprili 1954 serikali ya Marekani, kwa niaba ya kampuni, ilidai dola 15,854,849, yaani dola 75 na zaidi kwa ekari. Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, John Foster Dulles, alikuwa zamani wakili katika ofisi iliyoihudumia kampuni, na ndugu yake Allen ndiye aliyeongoza CIA, idara ya ujasusi.

Hata hivyo si kweli kwamba mambo yote yalifanywa kwa ajili ya ndizi. Marekani ya siku zile ilikuwa imetoka kupigana Korea, na hofu ya ukomunisti haikuwa ya kuigiza. Tena Árbenz alikuwa na marafiki wa Kikomunisti kweli. Mkuu wa chama chao, José Manuel Fortuny, alikuwa msiri wake, alimwandikia hotuba, akashiriki kuitunga sheria ya ardhi. Bungeni Wakomunisti walikuwa wanne tu, na katika baraza la mawaziri hakuwamo hata mmoja. Lakini Rais aliwasikiliza, na miaka ya baadaye, akiwa uhamishoni, alijiunga na chama chao. Anayemtetea Árbenz kwa kulificha hilo hamtetei vema.

Na Kanisa je? Ukurasa huu hatuwezi kuuruka. Tangu siku za Barrios Kanisa la Guatemala lilikuwa limenyang'anywa mali na shule, na mashirika ya watawa yamefukuzwa. Mapadre walikuwa wachache mno, parokia nyingine zilikaa miaka bila padre. Askofu Mkuu Mariano Rossell y Arellano aliyaona hayo yote, akaona na vyama vya wafanyakazi vinavyoongozwa na watu wasiomjua Mungu. Mwaka 1953 alifanya nakala ya sanamu ya Kristo Mweusi wa Esquipulas, ambaye Wamaya na ladino humwendea kuhiji, izungushwe nchini kote. Mwezi wa Aprili 1954 alitoa waraka wa kichungaji akiwataka watu wainuke kama mtu mmoja dhidi ya ukomunisti, adui wa Mungu na wa nchi. CIA ilichapisha waraka huo kwa maelfu, na ndege zikaumwaga vijijini. Alikuwa na haki ya kuonya. Tunachomdai, kwa heshima inayompasa askofu, ni kwamba alimwambia mkulima habari za hatari iliyokuwa inakuja, na hakumwambia neno la kutosha juu ya ardhi aliyokuwa ameishika mkononi mwaka ule wa kwanza wa maisha yake.

Kuanguka kwenyewe kulikuwa kwa siku kumi tu. Rais Eisenhower alikuwa amekwisha toa ruhusa tangu Agosti 1953. Marekani ilikataa kuiuzia Guatemala silaha, Árbenz akazinunua Chekoslovakia, na meli iliyozileta ilipofika Puerto Barrios tarehe 15 Mei 1954, dunia nzima ikaambiwa ushahidi umepatikana. Tarehe 18 Juni Kanali Carlos Castillo Armas aliingia kutoka Honduras na watu 480 hivi. Walikuwa askari duni. Pale Gualán kikosi cha wanajeshi wapatao 30 kiliwazuia zaidi ya siku moja, na Puerto Barrios polisi na wapagazi wa bandarini waliwashinda. Castillo Armas alikaa Esquipulas, kivulini mwa kanisa lile la hija, akingoja. Kazi ilifanywa na ndege chache zilizodondosha mabomu mjini, na redio ya uongo iliyojidai ya waasi walio msituni huku ikitangaza kutoka nje ya nchi, ikisimulia majeshi makubwa yasiyokuwapo. Maofisa wa jeshi waliotumwa Zacapa hawakushindwa vitani. Walikataa kupigana, wakijua ya kuwa wakiwashinda hawa watakuja Wamarekani wenyewe. Árbenz aliamuru wananchi wapewe bunduki. Jeshi lilikataa. Katika siku hizo za mwisho polisi wake waliwatia ndani mamia ya watu, wakawapiga na hata kuwaua baadhi yao, na doa hilo ni lake. Tarehe 27 Juni usiku alijiuzulu kwa redio.

Alikaa siku 73 katika ubalozi wa Meksiko. Alipotolewa kwenda zake, kwenye uwanja wa ndege walimvua nguo mbele ya waandishi wa magazeti ili kumpekua, wakampiga picha. Mwenye fadhili na asiisahau picha hiyo, kwa sababu ilikusudiwa waione wale waliopewa ardhi.

Miaka 17 iliyobaki twaweza kuipitia upesi, kwa kuwa ilikuwa ya kutangatanga. Uswisi, nchi ya baba yake, ilimtaka aukane uraia wa Guatemala, naye akakataa. Akaenda Ufaransa, Chekoslovakia, Urusi, kisha Uruguay, na mwaka 1960 Kuba, ambako wakubwa walipenda kumtolea mfano wa kiongozi asiyepaswa kuigwa, kwa kuwa hakuwapa watu silaha mapema. Daktari kijana wa Argentina aliyekuwapo Guatemala siku ile ya 1954 alikuwa amelishika fundisho hilo sana. Huyo ni Ernesto Guevara, ambaye mwaka 1965 alipita kwetu Kigoma akavuka ziwa kwenda kupigana Kongo, asifanikiwe. Mwaka huo huo wa 1965 binti mkubwa wa Árbenz, Arabella, alijiua huko Bogotá. Baba hakuinuka tena. Pombe, aliyokuwa akiipenda tangu zamani, ilimshika. Tarehe 27 Januari 1971 alikutwa amekufa katika hodhi la kuogea, Mexico City, umri wake miaka 57.

Nyuma yake nchini, Castillo Armas alikuwa ameifuta sheria ya ardhi ndani ya majuma machache. Ardhi karibu yote ilirudishwa kwa wenye mashamba, na waliokuwa wameilima walifukuzwa. Wasiojua kusoma, yaani walio wengi, walinyimwa kura. Vyama vya wafanyakazi na vya wakulima vilivunjwa, na kamati ya kupinga ukomunisti iliandika katika daftari lake majina zaidi ya 70,000. Mengi yalikuwa ya wakulima waliokaa katika zile kamati za watu watano. Fikiri, msomaji, mtu huyo abakiwe na njia gani. Alikuwa ameomba ardhi kwa sheria, kwa karatasi, kwa kura, na kwa malipo kwa mwenye nayo. Kila kimoja cha hivyo kilikuwa kimegeuzwa kuwa kosa. Castillo Armas mwenyewe aliuawa kwa risasi ikuluni mwezi wa Julai 1957, na akaja Ydígoras, yule aliyeshindwa 1950.

Novemba 13, 1960, maofisa vijana waliasi, wakikasirishwa na rushwa na kwa sababu Ydígoras aliwaruhusu Wakuba wapinzani wafunzwe vita katika ardhi ya Guatemala. Walishindwa. Wawili wao, Marco Antonio Yon Sosa na Luis Turcios Lima, ambao wote walipata mafunzo kwa Wamarekani, walikimbilia milima ya mashariki, na huko wakulima wakawaeleza habari za ardhi iliyotolewa na kurudishwa. Tangu hapo maofisa walioasi kwa ajili ya heshima ya jeshi wakawa wapiganaji wa msituni, wakiunda jeshi lao mwaka 1962. Serikali iliwajibu tangu 1966 kwa kuwaua maelfu ya wanavijiji katika mikoa ya Zacapa na Izabal. Mwanzo wa vita ulikuwa huo.

Katika miaka ya 1970 vita vilihamia nchi ya Wamaya. Hapa pana jambo ambalo kwetu sisi ni la kutafakari sana. Askofu Mkuu Rossell alikuwa ameieneza Aksyo Katolika vijijini ili kuwakinga Wamaya wasiingiwe na ukomunisti. Makatekista waliolelewa humo walijifunza kusoma, wakaanzisha vyama vya ushirika, wakauliza kwa nini ardhi ni ya wachache. Jeshi likawaita Wakomunisti. Tarehe 29 Mei 1978, pale Panzós, Waq'eqchi' waliokwenda mjini kwa ajili ya mashauri ya ardhi walipigwa risasi uwanjani, na makumi yao wakafa. Jimbo la Quiché lilipoteza makatekista na mapadre wengi hata Askofu wake, Juan Gerardi, mwaka 1980 alilifunga kwa muda, akaondoka na mapadre wote. Tarehe 23 Aprili 2021 mapadre watatu na walei saba wa jimbo lile, mmoja wao mtoto wa miaka 12, walitangazwa wenye heri.

Chini ya Jenerali Efraín Ríos Montt, tangu Machi 1982 hata Agosti 1983, vijiji vizima viliteketezwa, mazao yakachomwa, na wanaume wakalazimishwa kulinda na kuua majirani wao. Tume iliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa ilitoa taarifa yake Februari 1999. Ilihesabu mauaji ya halaiki 626 yaliyofanywa na majeshi ya serikali. Kati ya matendo mabaya iliyoyachunguza, asilimia 93 yalikuwa ya serikali na wasaidizi wake, asilimia 3 ya wapiganaji wa msituni. Kati ya waliouawa na kutambuliwa, 83 katika kila 100 walikuwa Wamaya, na tume ikasema wazi ya kuwa mahali pengine yalitendwa matendo ya kuangamiza kabila. Mwaka mmoja kabla yake Askofu Gerardi alikuwa ametoa taarifa ya Kanisa juu ya mambo hayo hayo, tarehe 24 Aprili 1998. Siku mbili baadaye alipondwa kichwa nyumbani mwake, parokiani San Sebastián. Wanajeshi watatu walihukumiwa kwa hilo mwaka 2001, na padre mmoja pamoja nao.

Amani ilitiwa sahihi tarehe 29 Desemba 1996. Iliweka mfuko wa kuwakopesha wakulima fedha za kununua ardhi kwa bei ya soko. Ardhi isiyolimwa haikuchukuliwa kwa mtu yeyote, na jambo ambalo sheria ya 1952 iliamuru, mapatano ya 1996 yaliliacha kwa hiari ya muuzaji. Uchunguzi wa 2014 na 2015 ulionyesha ya kuwa karibu nusu ya watoto wa Guatemala walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa kwa lishe duni. Ríos Montt alihukumiwa tarehe 10 Mei 2013 kwa kosa la kuangamiza kabila, na siku kumi baadaye hukumu ilifutwa. Akafa 2018. Na mamia ya maelfu ya Waguatemala wameendelea kwenda kaskazini kutafuta kazi katika nchi ile ile iliyowaletea Castillo Armas.

Mifupa ya Árbenz ilirudishwa nyumbani mwezi wa Oktoba 1995, vita vikiwa havijakwisha. Jeshi lililomwacha peke yake lilimpigia mizinga ya heshima, na umati ulimsindikiza hata makaburini. Tarehe 20 Oktoba 2011 Rais Álvaro Colom, kwa niaba ya dola, aliwaomba radhi jamaa zake waliosalia. Mkewe, María, hakuwahi kuyasikia hayo, alikuwa amefariki 2009. Tena tarehe 15 Januari 2024, baada ya usiku wa manane kwa sababu wapinzani Bungeni waliichelewesha shughuli mchana kutwa, aliapishwa kuwa Rais Bernardo Arévalo, mwana wa yule mwalimu wa falsafa, aliyezaliwa uhamishoni Montevideo siku zile zile Árbenz alipokuwa akiishi huko. Waliolinda ushindi wake walikuwa wazee wa Kimaya kutoka milimani, wenye fimbo zao za uongozi, waliokuwa wamekaa mbele ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu zaidi ya siku 100, usiku na mchana, wakizuia kura zisifutwe.